Sodiamu ni Mimi, Klorini ni Shemeji

Juzi usiku nimejikalia zangu na ugali wangu na dagaa, binti yangu wa kidato cha pili akaja na karatasi ya jedwali la elementi, akaitandaza mezani mpaka pembe yake ikaingia kwenye mchuzi. "Baba, nisikilize, kesho tuna jaribio." Mimi na kemia tuliachana zamani bila hata talaka, lakini baba mtu utasemaje? Haya, mwanangu, soma.

Akaanza na Sodiamu, namba 11. Elektroni, vile vichembe hasi vinavyozunguka kiini cha atomu kwa maganda, ziko mbili ganda la ndani, nane la katikati, na moja, peke yake, ganda la nje. Nikaacha kutafuna. Mtu ana kimoja tu cha ziada maishani na bado kakiweka nje? Huyu namjua. Huyu ni mimi.

Mstari huohuo, kule mbele, yuko Klorini, namba 17. Ganda la nje ana saba, anataka nane. Amepungukiwa moja tu.

Nikageuka kutazama sebuleni. Shemeji kajilaza kwenye kochi langu, rimoti juu ya tumbo. Alikuja kwa wiki mbili, huu mwezi wa nne. Anataka kuoa; wakwe wamesema ng'ombe nane, yeye anao saba. "Shemeji, bado mmoja tu," ndiyo salamu yake ya asubuhi. Mwenye ng'ombe mmoja hakusumbui, anajua safari bado ndefu. Mwogope mwenye saba.

Mimi nilikuwa na mmoja, kijijini kwa mama. Binti akaendelea, hajui anavyonichoma: "Ukishuka kwenye safu ya Sodiamu, maganda yanaongezeka. Potasiamu anayo manne. Elektroni ya nje inakuwa mbali na kiini, halafu zile za ndani zinaikinga isivutwe vizuri, kwa hiyo inachukuliwa kirahisi zaidi." Usinieleze mimi! Ng'ombe yuko saa kumi na nne kwa basi, katikati yetu wamo mama, baba mdogo na kijana wa kuchunga, na mimi kiini niko huku mjini navuta kwa simu. Wiki iliyopita kaondoka. Nimeambiwa alipokwisha kufika.

Na Klorini nikamwelewa vilevile. Yeye na Sodiamu wote wana maganda matatu, ila protoni zake 17, zile chembe chanya za kwenye kiini, zinavuta kila kitu ndani kuliko zile 11, ndiyo maana umbo lake ni dogo: nusukipenyo pikomita 99, Sodiamu 186. Mdogo, lakini mkono wa chuma. Kule kwa shemeji nina mwavuli na drili, nazikumbuka kwenye dua tu.

Kwenye daftari kulikuwa na mchoro, Sodiamu anamkabidhi Klorini elektroni huku anatabasamu. Anatabasamu nini? Kitabu chenyewe kinasema kumng'oa Sodiamu elektroni hiyo kunataka nishati ya kilojuli 496 kwa kila moli, na Klorini akiipokea anarudisha 349. Hasara tupu! Hapo hakuna ukarimu, kuna kunyofolewa. Nafuu inakuja baadaye, Sodiamu aliyebaki chanya na Klorini aliyegeuka hasi wanapovutana na kujipanga kwa mabilioni, kila mmoja kazungukwa na sita wa upande wa pili. Mpangilio huo unaachia kilojuli 787, ndizo zinazolipa madeni. Harusi kabisa: ukitazama mchango wako peke yake umeibiwa, mpaka ukoo wote ukae kwenye viti ndipo shughuli inaonekana imefana.

Nikamimina chumvi kidogo juu ya karatasi, hii ya paketi yenye madini joto, nikaimulika kwa tochi ya simu. Vijisanduku! Pembe zimenyooka kama vimepimwa na fundi, kwa sababu ayoni, yaani hao chanya na hasi, humo ndani ndivyo zilivyokaa. Metali laini inayokatika kwa kisu na kuwaka ikigusa maji, pamoja na gesi ya sumu iliyoua askari kule Ypres, Ubelgiji, kwenye Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915, leo ziko kwenye dagaa wangu zimetulia. Kuyeyusha muungano huo kwa moto kunataka nyuzi 801 za Selisiasi. Mama watoto anasema ndugu yake ataondoka kwa maneno mazuri.

"Baba, Sodiamu akishatoa anasinyaa, kutoka 186 hadi 102. Klorini anavimba hadi 181." Nikatazama tena kochi. Rimoti imepanda juu zaidi.

Lakini kilichoniuma ni kimoja. Elektroni ya kwanza ya Sodiamu ni 496, ya pili ni 4,562. Mara tisa! Ukishachukua ile ya nje unakutana na ganda lililojaa, na hapo ni mlango wa benki. Mimi ukishanipata ya kwanza, ya pili ni bei ya jumla. Mtu akinikopa elfu kumi asirudishe, akija tena kwa elfu ishirini namuuliza kama amekula.

Nikauliza, yule wa mwisho wa mstari? "Argoni. Ana nane zake, haungani na mtu." Nilijua tu. Huyo hayumo kwenye kundi hata moja la michango.

Binti akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine. "Sasa Magnesiamu. Huyu, baba, nje ana mbili, na anatoa zote mbili."

"Shusha sauti," nikamwambia. "Mjomba wako anasikia."

Sebuleni televisheni ilikuwa imeshapunguzwa.