Vuli ya maktaba isiwe shule ya pili

Ikifika Septemba, ratiba za watoto katika maktaba za umma za nchi za kaskazini hufurika. Vuli, msimu wa majani kupukutika, imeingia, kumeanza kupoa, shule zimefunguliwa, na ubao wa matangazo mlangoni umepambwa kwa karatasi za rangi ya chungwa. Nyimbo za watoto wachanga, saa ya hadithi, kubandika majani makavu kwenye karatasi, na mwisho wa Oktoba maleba na vinyago vya kutisha. Pembeni pamebandikwa orodha ya vitabu vinavyopendekezwa: miaka 3 hadi 5, miaka 6 hadi 8, miaka 9 hadi 12. Na majani makavu sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na ile orodha, na jinsi tunavyoitumia.

Tuangalie mtoto anakuwa katika hali gani msimu huu. Wakati wa likizo ndefu maktaba nyingi humpa kadi ya kugongwa mihuri kila amalizapo kitabu, na zawadi mwishoni. Vuli ikiingia amesharudi darasani, na kusoma kumegeuka kazi: kuna kurasa za kumaliza leo, maswali ya ufahamu, na mzazi wa kutia sahihi. Anapoingia maktaba saa kumi jioni, mkoba ungali mgongoni, hana haja ya mtu mwingine wa kumpima. Hapo anaweza kufungua kitabu, akaona hakimkolei, akakirudisha rafuni bila kuulizwa na mtu. Sisi wakubwa tunafanya hivyo kila leo. Vitabu vingapi tumeviacha njiani? Mtoto akifanya vilevile, tunasema mvivu.

Orodha ya umri humnyang'anya uhuru huo kimyakimya. Mtoto wa miaka tisa ambaye kusoma bado kunamtoa jasho, ukimwelekeza mbele ya wenzake kwenye rafu ya "miaka 6 hadi 8", usitarajie kumwona tena. Wa miaka sita anayetaja dinosaria kwa majina yao marefu ataambiwa kitabu anachokitaka ni cha wakubwa. Wote wawili wamejifunza kwamba maktaba nayo ina madarasa.

Niliwahi kusimama karibu na rafu ya samaki, namba 597 kwa wanaofuata mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kulingana na mada, nikamsikia mzazi akimwambia mwanawe, "Papa tena? Chukua kitabu cha maana basi." Mtoto akakirudisha, akapokea alichochaguliwa, akaondoka nacho kama aliyetumwa kupeleka mzigo wa jirani. Sikusema kitu, hakuwa mtoto wangu. Lakini mtoto anayesoma kitabu cha papa kwa mara ya nne anajua kwamba papa hana mfupa hata mmoja, mwili wake unashikiliwa na gegedu. Anajua kwamba meno yake yakidondoka huota mengine. Ameshazoea faharasa iliyo nyuma ya kitabu na maelezo chini ya picha, na hakuna aliyemfundisha. Kama hicho si kitabu cha maana, sijui cha maana ni kipi.

Mkutubi hodari hamuulizi mtoto ana miaka mingapi. Humuuliza ni kitabu gani kilimnogea mara ya mwisho. Akijibiwa "hakuna", na jibu hilo ni la kawaida sana, huuliza kuhusu katuni anayoitazama au mchezo anaoupenda. Kisha humpa vitabu vitatu, kwa sababu ukimpa kimoja atakiona ni amri. Halafu huenda zake. Hapo pa kwenda zake ndipo sisi wazazi tunaposhindwa: tunabaki tumesimama, tunasubiri tuone kitachaguliwa kipi, na uso unasema yote.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ya vuli hayana umri. Mtoto anayeokota majani njiani apewe kitabu kinachoeleza kwa nini yanabadilika rangi. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwamo tangu mwanzo ndipo inapojitokeza. Nyekundu ni habari nyingine. Miti mingi huitengeneza wakati huohuo wa vuli. Watoto hupenda sana kusikia kwamba njano ilikuwa imejificha muda wote. Anayetazama angani apewe kitabu cha ndege wahamao: mbayuwayu wa Ulaya huondoka msimu huu na wengi wao hufika hadi kusini mwa Afrika. Anayetaka kutishwa atishwe, maadamu yeye ndiye aliyechagua na ndiye mwenye uwezo wa kufunga kitabu.

Ngano za kale zinastahili neno la peke yake, maana wazazi wengi huzikosa. Wanazitafuta kwenye hadithi za kubuni, hawazioni, wanadhani maktaba haina. Dewey aliziweka namba 398.2, upande wa vitabu vya maarifa, jirani na mila na desturi. Rafu hiyo ina hadithi za karibu kila pembe ya dunia, na mara nyingi vumbi lake ni zito kuliko la rafu nyingine.

Vitabu vya picha visivyo na maneno navyo hudharauliwa bure. Mzazi ambaye hajui lugha ya nchi anayoishi, au ambaye hakubahatika kusoma, anaweza kukaa na mwanawe akakimaliza kimoja kwa lugha yake mwenyewe, bila aibu. Vitabu vya sauti ni kusoma. Vitabu vya katuni ni vitabu. Mjadala huo umenichosha.

Nirudi kwenye saa ya hadithi, kwa sababu hapo ndipo ratiba yote inapopata maana au inapoikosa. Msomaji mzuri hushika kitabu ubavuni mwake, kurasa zikiwaelekea watoto, na huwa amekisoma nyumbani, kwa hiyo macho yake yako kwa wasikilizaji. Akifika pale mbweha anaponyata kuelekea bandani, hufunga mdomo. "Anaenda wapi huyu?" Watoto hulipuka. Mmoja anasema anaenda kulala, mwingine anabisha, wa tatu anaanza habari ya paka wao ambayo haihusiani na chochote, na msomaji anamwachia amalize. Wenye haraka ya kufika mwisho hawawezi kazi hii. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wazazi wa watoto wadogo mno, wa umri wa miaka miwili hivi. Waliofundishwa kuuliza maswali na kumwachia mtoto asimulie, badala ya kumsomea tu, watoto wao waliwazidi wengine kwa maneno, na hiyo ilikuwa baada ya mwezi mmoja tu.

Wala si lazima kitabu kiwepo mkononi. Pura Belpré, aliyeanza kazi katika maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, alisimulia ngano alizozisikia kwao Puerto Rico, kwa Kihispania na Kiingereza, akitumia vikaragosi. Watoto wa wahamiaji waliokuwa wanaona maktaba si yao wakasikia lugha ya nyumbani ikisemwa ndani ya jengo lile. Maktaba inayotaka kujaza ratiba ya vuli ingeanza kwa kuwauliza bibi na babu wa mtaa wanajua hadithi zipi.

Halafu kuna mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa. Shughuli ya majani hufanyiwa chumba cha juu, vitabu viko chini, na watoto hushuka na karatasi zao moja kwa moja hadi mlangoni. Vitabu viwekwe mezani palepale, majalada yakitazama juu, na mtu wa kuviazimisha awe papo hapo. Saa ya hadithi ikiwa saa nne asubuhi siku ya kazi, hiyo ni ya watoto ambao wazazi wao wana nafasi saa nne asubuhi. Iwepo nyingine jioni, au Jumamosi.

Na faini. Mzazi anayedaiwa kwa sababu ya kitabu kilichochelewa hamleti mtoto kwenye saa ya hadithi, hata iwe bure namna gani. Anaogopa kuulizwa kadi. Chicago ilifuta faini za kuchelewesha vitabu Oktoba 2019, na mifumo mitatu ya maktaba ya jiji la New York ikafuata Oktoba 2021. Maktaba ambazo bajeti haiziruhusu kufika huko kwa mkupuo mmoja zianze na kadi za watoto, na tangazo hilo libandikwe juu kabisa ya ubao, pale ilipokuwa orodha ya umri.