Njia ya misafara, safari hii kwa paketi

Kikundi chetu cha akiba hapa Jinja kina watu kumi na wanane, wengi walimu wa Kiswahili, na mwaka huu tumekubaliana pesa ya Desemba isiishie kwenye mbuzi na sukari. Tunataka kwenda pwani. Kampuni moja ya utalii imetuletea paketi ya siku tisa: Mombasa, magofu ya Gedi, Lamu, kisha Unguja na Bagamoyo, na mwongozaji mmoja tangu tunaondoka hadi tunarudi. Hoteli, boti na viingilio vyote vimo. Bei imeandikwa kwa dola, nasi tunachanga kwa shilingi. Hapo ubishi ukaanza. Nusu ya kikundi wanataka kuongozwa, nusu nyingine wanasema mtu mwenye Kiswahili chake hana haja ya kukodi mdomo.

Hawa wa pili hoja yao ni tamu. Wanasema paketi za namna hii zilishonwa kwa kipimo cha mtalii anayeshuka uwanja wa ndege hajui hata "maji" ni nini. Mganda ni jirani. Tangu 2014 anaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, basi linamtoa Kampala hadi Mombasa, na akishuka anauliza bei mwenyewe na kupanda matatu mwenyewe. Makumbusho ya Kenya yana kiingilio cha watu wa Afrika Mashariki na kingine, cha juu, cha mgeni wa ng'ambo. Ukinunua paketi yenye bei moja kwa wote, nafuu hiyo ya ujirani inamezwa na jumla, wala huwezi kuiona ilikopotelea.

Nakubaliana nao karibu kwa yote, ila pale wanaposema "Kiswahili chetu". Kiswahili cha Uganda tunajua kimelelewa wapi. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, marekebisho ya katiba ya 2005 yakakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kisomeshwe kwa lazima shuleni. Lakini kwa wazee wengi wa Buganda bado ni lugha ya kambi za askari, ukibisha hodi nayo usiku mtu anaangalia kwanza kama mlango umefungwa. (Cha kushangaza, kamati iliyokuwa ikisanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki nzima ilihamia Makerere 1952. Tulikuwa na jiko nyumbani tukalala njaa.) Kwa hiyo tunafika pwani na "leta chai" mahali ambapo watu husema "naomba", na tunampita mzee barazani bila shikamoo kwa sababu kwetu hatuna desturi hiyo.

Mimi mwenyewe, mara yangu ya kwanza Lamu, mzee mmoja aliniita kutoka kibarazani: "Ndoo!" Nikaangaza macho kulia na kushoto nikitafuta ndoo, nikidhani anataka kuteka maji. Kumbe kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo", kama vile njia kwao ni "ndia" na macho ni "mato". Tulicheka wote, nikakaribishwa kahawa, na nilichojifunza pale kibarazani kwa saa moja hakimo katika paketi yoyote. Wenzangu wanaopinga mwongozaji wanakipenda kisa hiki. Mimi naona kinakata pande zote mbili: kama ningekuwa na mwongozaji ningeelewa mara moja, na nisingekaa.

Wanaotaka paketi, hoja yao ni bahari. Sisi ni watu wa ziwa, tumezoea kivuko cha Ssese na mitumbwi ya Masese, na tunadhani maji ni maji. Ziwa letu halikupwi wala halijai. Magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu, yanafikiwa kwa mkondo unaopita kwenye mikoko, na mkondo huo unapitika maji yakiwa yamejaa. Ukichelewa kifungua kinywa umeikosa Takwa, au umeingia na huwezi kutoka hadi maji yarudi. Hesabu hiyo haiko kwenye simu ya mwalimu wa Jinja, iko kichwani mwa nahodha. Kilwa ndiyo zaidi: unashuka kusini ya Dar es Salaam kilomita zipatazo mia tatu hadi Kilwa Masoko, unaomba kibali cha mambo ya kale, ndipo unavushwa hadi Kilwa Kisiwani. Kwa mahali kama hapo nalipa bila kunung'unika. Ajabu ni kwamba paketi yetu haina Kilwa, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia 1331, wenye msikiti mkubwa wa kuba na kasri la Husuni Kubwa. Imeachwa kwa sababu iko mbali, yaani pale hasa ambapo mwongozaji angestahili ujira wake.

Pia kuna majira. Likizo yetu ya mwisho wa mwaka inaangukia kaskazi, bahari imetulia na jahazi linatembea vizuri. Bahati mbaya, Krismasi ndiyo hiyo hiyo Wazungu wanakimbia baridi, na vyumba vinapanda bei. Kampuni ikiwa imeshika vyumba mapema, paketi inaweza kuwa rahisi kuliko kujitafutia. Katika hili mweka hazina wetu ana haki ya kuwasikiliza wanaotaka paketi. Tena Unguja kuna papasi, vijana wa mitaani waliopewa jina la kupe kwa namna wanavyokuganda. Watu kumi na wanane wenye mabegi pale bandarini ni karamu.

Lakini mwongozaji hauzi njia tu, anauza na hadithi, nami hapa ndipo ninapoweka mguu chini. Chukua Bagamoyo. Mgeni huambiwa kwamba jina linatokana na mtumwa aliyekata tamaa, akaubwaga moyo wake pale kabla ya kuvushwa. Anayejua Kiswahili anaweza kulipima neno mwenyewe: kubwaga ni kutupa chini kwa mkupuo, kama mpagazi anavyobwaga mzigo, na wapo wanaosema jina ni la wapagazi waliotoka bara na pembe begani, wakafika pwani, wakatua mzigo na moyo. Tafsiri zote mbili zina watetezi wake. Mwongozaji mwenye dakika arobaini hutoa ile inayoliza.

Au Mji Mkongwe wa Unguja. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na Kanisa la Kianglikana likajengwa papo hapo. Hilo halina ubishi. Ila vile vyumba vya chini ambamo wageni huinamishwa na kuambiwa watumwa walifungiwa humo, viko chini ya jengo lililojengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamelihoji dai hilo. Ukatili ulikuwepo, haukuhitaji kuongezewa chumba. Ratiba yetu inataja pia Beit al-Ajaib, jumba la 1883, bila neno hata moja kwamba sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Niliuliza kama tutaingia ndani au tutatazama uzio. Sijajibiwa.

Sisemi waongozaji ni waongo. Mara nyingine hadithi iliyochekwa na wasomi inarudi na nguvu. Kwa miaka mingi masimulizi kwamba mababu wa pwani walitoka Shirazi, Uajemi, yalionekana kuwa majigambo ya mabwanyenye, kisha 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya pwani ukionyesha kwamba wazee wa Kiajemi kweli walikuwemo, wengi wao wanaume, na kwamba akina mama wa ukoo walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa. Mzee wa barazani alikuwa na nusu ya ukweli, na mwanaakiolojia aliyesema miji hii ni ya Waafrika alikuwa na nusu nyingine.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Mganda hayumo popote katika hadithi inayouzwa. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara kutoka pwani, alifika ikulu ya Suuna II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1844, na inasimuliwa kuwa alimwambia kabaka usoni kwamba watu anaowaua ni viumbe wa Mungu. Uislamu wa Buganda unaanza hapo, na Kiswahili kikaja katika msafara uo huo. Zile pembe zilizobwagwa Bagamoyo, baadhi zilitoka huku. Kisha wapo walioteremka kwa nguvu: Kabaka Mwanga na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, walikamatwa 1899, wakateremshwa pwani, wakapelekwa Ushelisheli. Mwanga alifia huko. Kabalega aliruhusiwa kurudi, akafia hapa Jinja 1923, Mpumudde, mlima ambao jina lake maana yake ni "nimepumzika". Mwongozaji gani wa Lamu au Unguja atawaambia walimu wa Jinja hayo? Itabidi tuyabebe sisi, tuyasimulie sisi kwa sisi ndani ya basi.

Mapendekezo yangu niliyoyapeleka kikaoni yalikuwa haya: Mombasa na Lamu twende wenyewe, kwa basi na kwa kitambulisho, tukodi nahodha wa Takwa na mwongozaji wa mji kwa siku moja tu Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, na moja Lamu. Unguja na Bagamoyo tuziache mwaka huu, kwani zinadai pasipoti na cheti cha homa ya manjano, na wanachama watano hawana pasipoti. Mwaka ujao tutafute paketi, lakini ya Kilwa. Mzee wetu mmoja, Mnubi wa Bombo aliyehamia huku, alinipinga vikali. Anasema ana miaka sabini na mbili, hataki kushuka basi usiku akatafute chumba, na kama kuna mtu wa kulipwa ili ambebee begi na kumtafutia kitanda, alipwe. Sikuwa na jibu.

Kura itapigwa Jumapili. Mweka hazina ameiandikia kampuni swali moja tu: kiingilio cha Fort Jesus walichotuwekea ni cha Afrika Mashariki au cha mgeni wa ng'ambo?