Ardhi ya mbono haikurudi kijijini

Kwetu mbono kaburi ni mti wa ua. Mbuzi hawauli, na tawi ukilichomeka tu linashika, ndiyo maana watu waliuzungushia mazizi na makaburi. Utotoni tulikuwa tukivunja vikonyo vyake na kupuliza mapovu ya utomvu, bibi akitukemea tusithubutu kuonja mbegu. Nani angedhani mti huu ungekuja kuchukua ardhi ya vijiji?

Umoja wa Ulaya ulikuwa umejiwekea lengo kwamba ifikapo 2010, asilimia 5.75 ya mafuta ya magari yatokane na mimea. Julai 2008 pipa la mafuta likapanda hadi dola 147. Mbegu za mbono hukamuliwa mafuta yanayoweza kuendesha injini, basi wawekezaji wakamiminika Tanzania, na sifa za mti huo zikawa wimbo: unastawi kwenye ardhi kame, haugombani na chakula. Kilwa, kampuni ya Uholanzi ilipata takribani hekta 34,000 katika vijiji vinne. Kisarawe, kampuni ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000. Kufikia 2011 zote mbili zilikuwa zimeanguka, na vibarua wamerudi nyumbani mikono mitupu.

Mbono haukusema uongo. Waliousifia ndio waliosema. Ni kweli unavumilia ukame, lakini kuvumilia si kuzaa. Mti usiopata maji wala rutuba unabaki hai na mbegu zake chache, na mbegu chache hazilipi hata mchumaji. Ukitaka zijae, uupeleke kwenye ardhi nzuri, yaani ile ile ya mahindi na mihogo.

Hasara ya mafuta naweza kuisahau. Ninachoshindwa kukisahau ni ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ili mwekezaji wa nje apewe eneo la kijiji, lazima kwanza lihamishwe liwe ardhi ya jumla, yaani ardhi iliyo mikononi mwa serikali kuu, si ya kijiji tena. Likishahama limehama. Kampuni ikifa, hati hairudi kijijini yenyewe. Inaweza kuuzwa kwa mwingine, kama ilivyotokea Kisarawe. Wazee waliopiga kura ya ndiyo kwenye mkutano wa kijiji, wangapi walielezwa hilo?

Siandiki haya kupinga nishati ya mimea. Naiamini, ila naiamini zaidi inapotoka kwenye mabaki. Pale Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yamewahi kuzalisha biogesi, yaani gesi inayotoka kwenye mabaki yanapooza, ya kuendesha jenereta ya umeme, na jani la mkonge karibu lote ni mabaki, maana nyuzi ni sehemu ndogo mno. Hakuna aliyenyang'anywa shamba kwa ajili hiyo.

Au twende jikoni kwa shangazi yangu, Meru. Ana ng'ombe wawili wa ndani. Asubuhi anakoroga samadi na maji, ndoo kwa ndoo, anamimina kwenye mtambo wa biogesi. Jikoni anafungua koki, anawasha kiberiti, moto wa buluu unashika na sufuria haina masizi. Tope linalotoka upande wa pili linakwenda kwenye migomba. Shida zipo, tena si ndogo. Kiangazi cha mwaka juzi maji yalikatika wiki tatu, akarudi kwenye kuni. Kuba la mtambo, linalohifadhi gesi, lilipopata ufa, fundi aliyelijenga hakupatikana kwa miezi.

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Nalishangilia lengo hilo kwa moyo wote. Lakini ninachokiona kikigawiwa zaidi ni mitungi ya gesi, na gesi hiyo karibu yote tunaiagiza nje. Sehemu ya fedha zinazotumika kwa mitungi hiyo imfikie fundi wa biogesi kwenye kila kata yenye mifugo, awe na saruji na vipuri vyake.

Na mwekezaji atakayekuja kesho na mbegu nyingine ya ajabu, kijiji kimkodishe shamba bila ardhi kuhamishwa. Sheria irekebishwe iruhusu hivyo, na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ukitaja siku ambayo shamba litarudi mradi ukifa.