Kijana wa Amu na shahada ya mafuta

Barua ilikuja kwenye simu, kama zinavyokuja barua zote siku hizi. Mtoto wa kaka yangu alinionyesha akiwa amesimama barazani, kidole gumba kimeziba nusu ya kioo. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo Kenya, imempa nafasi ya uhandisi wa petroli katika chuo kimoja huko bara, miaka mitano. "Ami, nataka niwe katika wale wa matabaka," akaniambia, "wanaokaa na kompyuta wakajua mafuta yako wapi na yatolewe vipi." Kabla sijafungua kinywa wazee watatu walikuwa wameshamjibu. Mmoja alisema riziki imemfuata mpaka mlangoni. Wa pili, aliyekuwa nahodha wa jahazi, akauliza mafuta yenyewe yako wapi. Wa tatu akaomba kahawa.

Swali la nahodha lina haki yake. Machi 2012 tulipata habari mbili ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 2, Kibaki wa Kenya, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walisimama hapa Lamu, ambapo wenyewe twapaita Amu, kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, reli, barabara, bomba la mafuta. Tarehe 26 Kibaki akatangaza kwamba mafuta yamepatikana kisima cha Ngamia-1, Turkana. Kijana wangu alikuwa na miaka minne. Amekua akisikia kwamba bomba litashuka kutoka Lokichar, hukohuko Turkana, zaidi ya kilomita 800, limwagie Amu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na leo yako matatu kati ya 32 yaliyochorwa kwenye ramani. Bomba halijatandazwa. Mafuta ya majaribio, mapipa 200,000, yaliuzwa nje Agosti 2019, lakini yalipita Mombasa, na yalifika huko kwa malori. Total na Africa Oil, kampuni zilizokuwa wabia, walijitoa 2023. Kampuni ya Tullow, iliyochimba kisima chenyewe, iliuza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy mwaka 2025 kwa dola milioni 120. Ukiwa na miaka kumi na minane na jina lako liko kwenye orodha ya kozi hiyo, mambo haya lazima uyajue.

Lakini kwanza kazi yenyewe, kwa sababu pale barazani niligundua kwamba hata anayeisifu haijui. Wengi hudhani mafuta chini ya ardhi yamekaa kama maji ndani ya jabia, lile birika la maji ya mvua, kule Kiwayu: shimo kubwa limejaa, unatia bomba, unafyonza mpaka likauke. Hakuna shimo. Kuna mwamba, na ndani ya mwamba vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, na mafuta yamejibana humo pamoja na maji na gesi kwa presha. Mfano tulio nao karibu ni machuchu ya Shela, yale matuta ya mchanga nyuma ya mji, ambayo tangu zamani ndiyo yanatunywesha. Huko nako hakuna ziwa lililofichwa. Mvua imeingia katikati ya chembe za mchanga, ikakaa.

Mwamba huo wenye mafuta ndio tabaka. Mhandisi wa matabaka, basi, ni mtu wa kuuliza maswali matatu maisha yake yote: humo ndani mna kiasi gani, kitakachokubali kutoka ni kiasi gani, na tukitoe kwa mwendo gani tusije tukaliua tabaka. Hakuna anayeshuka kuangalia. Anapewa vipande vya mwamba vilivyotolewa na mtambo, vipimo vya presha, rekodi ya kila kisima kilitoa nini mwezi gani, na kutokana na hayo anajenga mfano wa tabaka kwenye kompyuta. Kisha anaurudisha nyuma kuona kama unaweza "kutabiri" yale yaliyokwisha kutokea. Usipolingana, anaanza upya. Akiona presha inashuka, anaamua visima vipi vigeuzwe vya kurudishia maji chini ili yasukume mafuta. Kisima kikivutwa kwa pupa, maji huparamia kutoka chini na kuyapita mafuta, na mafuta yaliyoachwa nyuma huenda yasitoke tena.

Uganda inaonyesha uzito wa jambo hili. Inakadiriwa kuna mapipa bilioni 6.5 ndani ya miamba ya Ziwa Albert, na yanayotarajiwa kutoka ni kama bilioni 1.4. Yaliyobaki yatakaa humohumo. Sasa mtu akija na njia ya kuongeza asilimia moja tu ya yale yote ya chini, ameongeza mapipa milioni 65. Kwa bei ya dola 60, hizo ni dola bilioni 3.9, bila kugundua kisima kipya. Ndiyo sababu watu hawa hulipwa vizuri, na kampuni haiwatafuti kwa matangazo ya ukutani.

Hapa mzee wa kwanza ana hoja, na ana hoja nzito kuliko aliyoitoa. Sheria ya Petroli ya 2019 imegawa mapato ya serikali: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale mafuta yanapotoka. Asilimia 5 ya nini? Ya mapipa yaliyohesabiwa, baada ya kampuni kutoa gharama zake, kwa mpango wa uchimbaji ulioandikwa na wahandisi wake. Anayesema tabaka hili litatoa kiasi hiki kwa miaka hii, ndiye anayeamua kaunti itegemee nini. Kama mezani hapo upande wetu hakuna anayeweza kusoma jedwali la presha akasema "hapa pana walakini", basi ugawaji wote ni wa kuambiwa. Turkana wanahitaji watu hao leo. Pwani itawahitaji siku gesi ya baharini ikifikia kuzungumzwa. Na sheria hiyohiyo inazitaka kampuni ziajiri Wakenya na kuwafunza. Huwezi kuidai haki hiyo ikiwa hakuna Mkenya mwenye shahada ya kuajiriwa.

Jingine: elimu hii husafiri. Aliyejifunza matabaka ya Lokichar anaweza kufanya kazi Songo Songo au Mnazi Bay, ambako Watanzania wanatoa gesi tangu 2004 na 2006. Anaweza kwenda Ghana, Angola, Oman. Watu wa Amu kwenda Omani kutafuta si jambo la kufundishwa.

Nikageukia upande wa nahodha, na huko nilikaa muda mrefu zaidi.

La kwanza ni kwamba mafuta hayako Amu. Sisi ni mdomo wa bomba, na ile asilimia 5 ni ya Turkana. Pwani kwetu, visiwani na baharini, wamechimba na kuchimba. Kisiwa cha Pate kilitobolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, gesi ikaonekana, haikufaa kuuzwa. Kisima cha Mbawa baharini, mwaka 2012, kilipata gesi kwenye mwamba wa kama mita 52, haikutosha. Kisima cha Sunbird, 2014, kilipata dalili za mafuta, hazikutosha. Eni wa Italia wakaja na Mlima-1, wakamaliza 2022, kikatoka kikavu. Kila mara mjini palikuwa na mtu aliyenunua kiwanja. (Nawajua wawili. Mmoja amepanda minazi.)

La pili ni uchache. Ujenzi wa bomba huajiri maelfu kwa miaka miwili mitatu: wachomeleaji, madereva, wapishi, walinzi. Wahandisi wa matabaka wa mradi wote unaweza kuwakalisha mezani kwa chai na mahamri, ukabakiwa na mahamri. Na si lazima wakae Lokichar wala Lamu, kwa kuwa kazi yao ni takwimu, na takwimu hufanyiwa kazi zilipo kompyuta na mabosi: Nairobi, au London. Anayefikiri atasomea kazi hii arudi kulala kwao Langoni kila jioni, amedanganyika mapema.

La tatu ni bei. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Aprili 20, 2020, kwa siku moja, mafuta ya Marekani ya kukabidhiwa mwezi uliofuata yaliuzwa chini ya sifuri, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi ayachukue. Nyakati kama hizo kampuni za mafuta hufukuza watu kwa maelfu. Aliyeanza masomo 2011 kwa sababu kazi zilikuwa tele, alihitimu mlango ukifungwa. Miaka mitano ya chuo ni mirefu kuliko subira ya soko hili. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haitauliza pipa ni bei gani ikianza kudai pesa yake.

Na la nne, ambalo nahodha hakulisema ila sote tulilisikia, ni ahadi. LAPSSET ilikuja na ahadi ya kuwasomesha vijana elfu moja wa Lamu. Wako waliosoma, sitaki kudhulumu. Wako pia ninaokutana nao Mkunguni, vyeti viko kwenye bahasha ya plastiki, wanasukuma mikokoteni au wanabeba watalii kwa mashua. Na wavuvi ilibidi waende Mahakama Kuu Malindi, na mwaka 2018 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu bandari iliharibu maeneo yao ya uvuvi na hawakushirikishwa. Mtu aliyeyaona hayo akikuambia "mafuta yako wapi", usimwite mshamba.

Ushauri wa nahodha ni kijana aende Mombasa asomee ubaharia na uendeshaji wa bandari, kwa kuwa meli zitakuja na mafuta au bila mafuta. Ni ushauri mzuri kwa kijana mwingine. Huyu wangu hupatwa na kichefuchefu mashua ikipita Manda tu. Isitoshe, magati yenyewe yamekuwa na siku nyingi za kimya, na bandari isiyo na mzigo haina kazi zaidi ya tabaka lisilo na bomba.

Mimi nimefika hapa: aende, lakini asisomee mafuta. Najua inasikika kama kitendawili. Namaanisha asomee jinsi kimiminika kinavyopita ndani ya mwamba, na mafuta yawe mfano mmojawapo. Sheria ambayo wahandisi wa mafuta wanaanza nayo kila siku iliandikwa na Mfaransa, Henry Darcy, mwaka 1856, na Darcy hakuwa akitafuta mafuta. Alikuwa akishughulikia maji ya mabomba ya mji wa Dijon, akapima jinsi maji yanavyopita kwenye mchanga. Fani yote hii ilizaliwa kwenye maji ya kunywa.

Kwa hiyo akifika chuoni achague masomo ya hiari kwa jicho hilo. Olkaria, kule Bonde la Ufa, wanatoa umeme wa mvuke tangu 1981, na leo mvuke wa ardhini unatoa kama asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Kule nako kuna matabaka, kuna presha inayoshuka, kuna visima vya kurudishia maji. Mhandisi ni yuleyule, ila hasubiri bomba la Lamu wala bei ya London. Wanorwe tangu 1996 wanazika hewa ya kaboni chini ya bahari, kwenye mwamba ulio eneo la Sleipner, kwa hesabu zilezile zinazogeuzwa kichwa chini. Chuo kikikataa kumwachia achukue jiolojia ya maji na mvuke, kikamfungia kwenye petroli tupu miaka yote mitano, hapo nitarudi upande wa nahodha na kumwambia aombe kuhama kozi.

Kuna watakaosema namvunja moyo kijana kwa kumpa nusu ya ndoto. Huenda. Ila nimekaa na ndoto nzima ya bandari miaka kumi na zaidi, na naona nusu yenye ajira inabebeka.

Asubuhi ya pili nilimchukua mpaka Shela kwa miguu, maji yakiwa yametoka. Nyuma ya nyumba ya shangazi yangu kuna kisima cha zamani, mdomo wake umechongwa kwa matumbawe na kamba zimeukata mifereji. Akavuta ndoo, nikamwambia aonje. Akakunja uso. "Yameingia munyu, Ami."

Nikamweleza kwamba maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ndani ya mchanga, kwa kuwa ni mepesi. Kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Ukiteremsha usawa huo sentimita kumi kwa pampu, chumvi huko chini inapanda kama mita nne. Mji umekua, hoteli zimeongezeka, kila nyumba mpya ina pampu. Akanyamaza, akatazama ndani ya kisima kama mtu anayepiga hesabu.

Kisha akamuuliza shangazi kama kuna kamba ndefu nyumbani na kipande cha chaki. Tulikaa pale mpaka saa tano, anafunga mafundo kila nusu mita, anateremsha, anapandisha, anaandika kwenye simu yake. Visima vitatu, kimoja mbali na pampu ya hoteli na viwili karibu nayo. Sikumuuliza kuhusu barua.