Chaja Imechomolewa, Birika Linachemka

Jamani, leo naomba niseme, maana nikizidi kunyamaza nitapasuka. Mimi ni fundi wa bweni la wanachuo. Kwenye karatasi za ajira nimeandikwa fundi, lakini ukija kazini utanikuta ni fundi, mfagizi, mzoa taka, mtafuta funguo zilizopotea na msuluhishi wa wapenzi wanaogombana kwenye ngazi. Kila kinachoingia vyumbani kikiwa kipya, mimi ndiye ninayekipokea kikitoka kikiwa taka. Kwa hiyo habari za wanafunzi na mazingira asinisimulie mtu. Wao wanayasoma, mimi nayazoa.

Nianze na chaja. Ghorofa ya pili kuna binti mmoja, mtoto ana adabu zake, kila tukikutana shikamoo yake haikosi. Huyu binti chaja ameifanya dini. Hatoki chumbani bila kuichomoa ukutani, na akiikuta ya mwenzake imesahauliwa kwenye soketi anaichomoa na hiyo, na hotuba juu. "Mzee, umeme unapotea hivi hivi!" Namjibu, "Kweli kabisa, mwanangu," huku namtazama anavyojaza birika la umeme mpaka mstari wa juu kabisa, kwa ajili ya chai ya kikombe kimoja. Likichemka anamimina kikombe chake, mengine yanabaki yanapoa. Baada ya saa moja anataka kikombe cha pili. Yale ya mwanzo anayamwaga kwenye sinki, anajaza mapya, kwa sababu eti maji yakichemka mara mbili yanapoteza ladha. Maji!

Mimi shule sikwenda mbali, lakini maandishi ya chini ya birika nayasoma. Pale pameandikwa wati 2,000. Chaja iliyoachwa ukutani bila simu, hizi za siku hizi, haifiki hata nusu wati. Haya, mwanachuo ni wewe, piga hesabu: dakika moja ya birika hilo ni sawa na chaja tupu kukaa ukutani karibu siku tatu. Kuchemsha lita moja tu kunakula umeme wa kujaza betri ya simu yake mara tano au sita. Siku moja nikajikaza nikamwambia, "Binti, si ungepima maji kwa kikombe chako kwanza?" Akaniangalia kwa upole, kama anayemwonea huruma mgonjwa, akasema, "Lakini mzee, chaja yangu mimi nimeshachomoa."

Nikaenda zangu kuzoa taka.

Chumba cha pembeni anakaa kijana wa uhandisi. Ukipita nje ya dirisha lake unapigwa na baridi usoni, unadhani wamefungua bucha. Kiyoyozi kinavuma, dirisha liko wazi pande zote mbili. Nikagonga.

"Kijana, mbona dirisha wazi?"

"Mzee, nikifunga hewa inakuwa nzito."

"Basi zima kiyoyozi."

"Nikizima joto linanizidi."

"Basi funga dirisha."

"Mzee, si nimekwambia hewa inakuwa nzito?"

Na huyu ndiye atakayekuja kutujengea madaraja. Anajua kuliko mimi kwamba kiyoyozi hakiui joto. Kinalitoa ndani na kulitupa nje, na juu yake kinaongeza joto la umeme wake chenyewe. Maana yake kijana wangu nje anakupasha moto kwa ukuta wa nyuma, na hukohuko nje anakupooza kwa dirisha la mbele. Yeye mwenyewe yuko katikati, amelala mchana, amejifunika blanketi zito mpaka puani. Nilipoliona lile blanketi nilitaka kuacha kazi.

Bafuni sisemi mengi, maana haya mengine ni ya aibu. Ila anayeingia na simu ya kupiga muziki huyo nishamjua. Nyimbo tano zinaisha hajashika sabuni. Shawa ya kawaida inamwaga lita tisa hivi kila dakika, kwa hiyo nyimbo tano ni kama lita 150, tena za moto, na mtu bado mkavu mgongoni kwa sababu muda wote alikuwa anaimba ameegemea ukuta.

Kilichonichoma zaidi ni koki ya bafu la chini. Ilikuwa inadondosha, tone kwa tone, usiku na mchana. Niliweka ndoo chini yake jioni, asubuhi nikaikuta imejaa inafurika. Haba na haba hujaza kibaba, hii ya kwetu ilishamaliza vibaba ikawa inatafuta bahari. Sasa unadhani nani aliniambia kwamba koki inavuja? Hakuna. Niliigundua mwenyewe nilipokwenda kufuta kioo. Na juu ya koki yenyewe, jamani, mtu alikuwa amebandika karatasi ya rangi, maandishi makubwa, na mchoro wa tone lenye macho linalia: OKOA MAJI. Yaani mtu aliiona inavuja. Ikamuuma. Akaenda kompyutani akachora tone, akalitafutia rangi, akaliwekea macho, akaliwekea na machozi, akachapisha, akatafuta gundi, akaja kubandika, kisha akapita mbele ya mlango wangu kurudi chumbani kwake bila kusema neno. Mpira wa koki ninao mfukoni, ukubwa wake kama kifungo cha shati. Nilimaliza kazi kabla chai yangu haijapoa. Tone la karatasi nimeliacha palepale liendelee kulia.

Tukija kwenye karatasi, hapo sitamlaumu mtoto peke yake, wakubwa nao wamo. Rimu ni karatasi 500, uzito wake kilo mbili na nusu, najua kwa sababu aliyezipandisha ngazi ni huu mgongo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kaandika tasnifu juu ya taka za plastiki vyuoni, kazi nzuri, ananionyesha kwa furaha, na mimi nimo ndani kama "mhojiwa wa kwanza". Chuo kinataka nakala tano. Tena kila karatasi ichapwe upande mmoja tu, ule wa pili ubaki mweupe kama haukuzaliwa. Akapeleka. Mhadhiri akasema namba za kurasa zimekaa juu, zinatakiwa zikae chini. Nakala zote tano zikaja kwangu, mpyaaa, zikiwa na majalada yake. Na majalada, hata sikuulizwa nicheke au nilie, ni ya plastiki.

Hizo karatasi za upande mmoja sikuzitupa. Nachorea mahesabu yangu ya rangi na misumari. Nyuma ya orodha yangu ya misumari kuna mapendekezo sita ya kupunguza taka.

Halafu wametuletea mapipa matatu, kila moja na rangi yake: karatasi, plastiki, na taka za chakula. Kitu kizuri sana, sipingi. Lakini hebu simama pembeni umtazame mwanafunzi aliyeshika kikombe cha kahawa mbele ya mapipa matatu. Anasimama. Anakigeuza. Anasoma maandishi ya pipa la kwanza, la pili, anarudi la kwanza. Anaona ni kikombe cha karatasi, anakitumbukiza kwenye karatasi, anaondoka kifua mbele. Na kahawa nusu kikombe humohumo ndani. Sasa mosi, hicho kikombe ndani kina utando wa plastiki, ndiyo maana hakivuji, kwa hiyo hakirejelezwi kama karatasi ya daftari. Pili, ile kahawa imeshuka kwenye karatasi zote safi zilizokuwa chini, na karatasi iliyolowa kahawa na sukari haina mnunuzi. Pipa zima limeharibika. Aliyepitiliza akatupa chini sakafuni angenipunguzia hasara, na mimi siamini kama nimesema maneno haya.

Taka za chakula nazo naona afadhali nizipite haraka, nimetoka kula. Mtu anajaza sahani kwa macho, tumbo linakataa, linakuja pipani. Likioza jalalani bila hewa linatoa methani, gesi inayolipasha joto anga kuliko hewa ukaa zaidi ya mara 25 kwa uzito uleule. Mimi nilikuwa najua linatoa harufu tu.

Ila kuna siku yao kubwa, Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Imeadhimishwa tangu mwaka 1973, na mimi naona kama miaka yote hiyo nimeifagia peke yangu. Klabu ya mazingira inajiandaa kweli kweli. Kila mwanachama fulana mpya, ya kijani. Nikauliza, za mwaka jana zimechakaa? "Hapana mzee, kaulimbiu imebadilika." Fulana moja ya pamba, tangu shambani mpaka ivaliwe, wataalamu wanaikadiria lita 2,700 za maji. Yule wa nyimbo tano angeoga siku 18 kwa fulana moja! Wakaandamana, wakapiga picha, wakafungua chupa za maji za plastiki, kila mtu ya kwake, wakanywa nusu na kuziacha kwenye nyasi, maana jioni mtu hakumbuki ipi ni yake. Maputo ya kijani nikayashusha kwenye mti kwa ufagio mrefu. Zile fulana za mwaka jana ninazo mimi. Zinafyonza maji vizuri sana kwenye deki. Kaulimbiu inasomeka kila nikikamua.

Lakini yote hayo ni mazoezi. Mechi yenyewe ni mwisho wa muhula.

Wiki ya kufunga chuo, korido hazipitiki. Watoto wanasafiri na begi moja, chumba kina mali ya mabegi manne. Kwa hiyo mlango unafunguliwa usiku, kitu kinasukumwa nje, mlango unafungwa. Asubuhi nakuta taa za mezani zinawaka. Nakuta feni lililokosa skrubu moja. Magodoro, mito, hanga za nguo zimefungamana hazifunguki, kapeti ambalo limekanyagwa muhula mmoja, sabuni ya maji nusu chupa, ndoo nzima yenye mpini, vipokea sauti vya masikio, nyaya za simu za kutosha kufunga ng'ombe. Na mabirika ya umeme. Kila chumba birika. Mengi mazima, yamekosa kusuguliwa tu chokaa ya ndani. Umoja wa Mataifa umehesabu tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki duniani mwaka 2022, na haikufika robo iliyojulikana kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nami nilisoma hayo nimekaa juu ya friji dogo lililotupwa kwa sababu taa yake ya ndani haiwaki.

Basi nikaamua. Vilivyo vizima nikavisafisha, nikavipanga stoo, nikasubiri wapya.

Wapya wakaja. Wa kwanza kugonga mlango wangu alikuwa kijana mmoja mnyenyekevu, mama yake nyuma yake kashika mto. "Shikamoo mzee. Samahani, mabirika ya umeme yanauzwa wapi hapa karibu?" Moyo ukaniruka. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, huna haja ya kununua." Nikafungua stoo, nikawasha taa. Mabirika yamejipanga rafuni, yanang'aa, nimeyasugua kwa mkono wangu. Nikasema, "Chagua. Bure. Yote nimeyajaribu."

Akaingia. Akalishika moja, akaligeuza, akalirudisha. Akashika la pili. Mama akasema, "Mwanangu, si hilo zuri tu?" Kijana akajikuna kichwa.

"Mzee, hakuna jeusi? Chumba nilishakipangia rangi nyeusi."

Jioni namwona huyo anarudi, birika jipya jeusi mkononi. Birika liko ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko uko ndani ya yale mapovu meupe magumu yanayomeguka chembe chembe, mapovu yako ndani ya boksi, na boksi liko ndani ya mfuko mwingine mkubwa. Akayatoa yote hapohapo kwangu koridoni, chembe nyeupe zikaruka mpaka kwenye deki langu. Kisha akasimama mbele ya mapipa matatu, akafikiri, akanigeukia kwa heshima zote.

"Mzee, samahani, hili boksi naliweka pipa lipi? Sitaki kuharibu mazingira."