Safari za Makongamano ya UKIMWI: Kisu Kinamkata Nani?

Oktoba 2023, Mkuu wa Utumishi wa Umma Felix Koskei aliposimamisha safari za nje zisizo za lazima kwa maafisa wa serikali, yakiwemo makongamano ya kuhudhuria tu, makofi yalisikika hadi kwenye matatu. Na mimi nilipiga. Mlipa ushuru wa Nairobi ana kila sababu ya kuchukia ujumbe unaojaza nusu ya ndege, unapiga picha mbele ya bango, unarudi na mikoba yenye nembo ya mkutano, na ripoti ya safari haionekani hadi leo.

Kongamano la Kimataifa la UKIMWI, linaloandaliwa kila baada ya miaka miwili na kuvuta maelfu ya watu, limeingizwa kwenye hasira hiyo bila kuulizwa maswali mengi. Julai 2024, vijana wetu wakiwa bado barabarani wakipinga ubadhirifu, wajumbe walikuwa Munich, Ujerumani. Utamwambia nini kijana anayekohoa moshi wa vitoa machozi pale Moi Avenue kuhusu mkutano wa Munich? Kwake, wale ni watu wanaokula pesa za UKIMWI, basi.

Tangu hapo hoja ya wapinzani wa safari hizi imepata nguvu zaidi. Januari 2025 Marekani ilifunga mfereji wa misaada ya nje, na muda si muda kliniki zilizokuwa zikitegemea fedha hizo zikapoteza washauri na wahudumu wao. Kliniki za CCC, yaani zile maalumu za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na mlango wake, faili zake na wahudumu wanaomjua mgonjwa kwa jina, zimekuwa zikichanganywa na idara ya wagonjwa wa kawaida. Mtu aliyezoea kuchukua dawa kimyakimya sasa anapanga foleni na mwenye malaria na mwenye jino. Katika hali hiyo, anayetetea tiketi ya ndege ya kwenda kongamanoni anaonekana hana aibu. Pesa hizo, watasema, zingemrudisha kazini mshauri mmoja.

Nayachukua maneno hayo kwa uzito. Kinachonisumbua ni kwamba tukisema "wajumbe" tunafunga watu wa aina mbili katika furushi moja. Kuna afisa anayesafiri kwa sababu zamu yake ya kusafiri imefika. Na kuna mama mshauri wa mtaa wa mabanda wa Mukuru, anayeishi na virusi lakini aliyejifungua watoto wasio navyo na anayewafundisha wenzake kufanya vivyo hivyo, kuna muuguzi wa kliniki, kuna kijana aliyezaliwa na virusi na amemeza dawa tangu kabla hajajua kusoma. Hawa wa pili mara nyingi hawagharimiwi na hazina ya Kenya hata kidogo. Waandaaji wana mpango wa ufadhili kwa ajili yao, na mashirika nayo huchangia. Lakini tunapopiga kelele kuhusu marupurupu, ni wao wanaoanza kuona haya kusema wanakwenda.

Historia ya mkutano wenyewe inaonyesha kwa nini wanahitajika. Ulianza Atlanta mwaka 1985 ukiwa mkutano wa madaktari na watafiti. Wagonjwa walikuwa ndani ya michoro na majedwali. Mwaka 1989 huko Montreal wanaharakati, wengi wao wakiishi na virusi, walipanda jukwaani kabla ya sherehe za ufunguzi na wao wenyewe wakaufungua mkutano. Mwaka uliofuata mashirika mengi yalisusia mkutano wa San Francisco kwa sababu Marekani ilizuia wenye virusi kuingia nchini, na ule wa 1992 uliokuwa ufanyike Boston ukahamishiwa Amsterdam kwa sababu hiyohiyo. Haukurudi Marekani hadi 2012, baada ya marufuku kuondolewa. Hakuna aliyewapa wagonjwa kiti kwa hisani.

Sisi wa Nairobi tuna sehemu yetu katika hadithi hiyo, nayo si ya kujivunia yote. Tangu katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakiwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono Majengo, Pumwani. Wachache wao walikutana na virusi mara kwa mara kwa miaka na hawakuambukizwa. Mwaka 1993 habari hiyo ilisomwa katika kongamano la Berlin, na wanasayansi wa chanjo wakageuza shingo kuitazama Majengo. Damu ya akina mama wale ilitajwa katika kumbi ambazo wao walikuwa mada tu. Anayesema leo kwamba watafiti wanatosha kutuwakilisha kwenye mikutano hii anaturudisha pale, ingawa hakusudii.

Kisha kuna Durban, 2000, mara ya kwanza kongamano kufika Afrika. Wengi wanamkumbuka Nkosi Johnson, mtoto wa miaka 11 aliyezaliwa na virusi, aliyesimama mbele ya umati na mwaka uliofuata akafariki. Mimi namkumbuka zaidi Jaji Edwin Cameron wa Afrika Kusini, aliyesema wazi kwamba yuko hai kwa sababu ana uwezo wa kununua dawa, na mamilioni ya Waafrika wanakufa kwa sababu hawana. Wakati huo dawa za mtu mmoja kwa mwaka zilifika dola 10,000 au zaidi. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dawa za chini ya dola moja kwa siku, na katikati ya mwaka huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Je, kongamano ndilo lililoshusha bei? Hapana. Kesi mahakamani, wabunge na viwanda vya India vilifanya kazi hiyo. Lakini ukimya kuhusu bei ulivunjwa Durban, na waliouvunja hawakuwa mawaziri.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wapinzani wangeitumia vizuri zaidi kama wangeijua, nami nimeigeuza kila upande bila kuimaliza. Julai 2011, katika kongamano la kisayansi la VVU mjini Roma, yaliwasilishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wenzi zaidi ya jozi 4,700 nchini Kenya na Uganda, katika kila jozi mmoja akiwa na virusi na mwenzake hana. Vituo vya Kenya vilikuwa Nairobi, Thika, Kisumu na Eldoret. Asiye na virusi alimeza tembe kila siku, na hesabu za mwisho zilionyesha kwamba tembe yenye dawa mbili, tunayoiita PrEP, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Waliokuwa ukumbini Roma waliisikia habari hiyo moja kwa moja. Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kugawa tembe hizo Mei 2017.

Karibu miaka sita. Jibu lilitoka katika miili ya watu wa Thika na Kisumu, likasafiri hadi Italia, likachukua karibu miaka sita kurudi nyumbani. Walioshiriki utafiti waliendelea kupewa dawa, hata waliokuwa wakimeza tembe bandia, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini jirani zao je? Msichana wa miaka 15 wakati wa mkutano wa Roma alikuwa na miaka 21 tembe zilipofika, na hiyo ndiyo miaka ambayo msichana wa Kenya huwa katika hatari kubwa. Kuna watu wanaomeza ARV leo kwa sababu ya pengo hilo, na hakuna atakayewahi kuwahesabu.

Mpinzani atasema: unaona? Kongamano halikumsaidia mtu. Nami nauliza, miaka hiyo ilikwama wapi? Marekani iliidhinisha tembe hiyo kwa kinga Julai 2012. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itolewe kwa kila aliye katika hatari kubwa Septemba 2015. Kenya iliisajili kwa kazi hiyo mwishoni mwa mwaka huohuo, kisha ukapita zaidi ya mwaka mzima wa miongozo, majaribio na mipango. Kila kituo katika safari hiyo ni meza ya ofisi. Faili kwenye meza husogea mtu akija kuliulizia kila wiki, na wa kuliulizia ni lazima ajue kwamba lipo. Daktari alisoma matokeo katika jarida mwaka 2012. Mama mshauri hasomi jarida hilo. Kama hakuwa ukumbini, wala mwenzake aliyekuwepo hakumpigia simu, alikuja kujua baada ya kuambiwa na serikali, yaani serikali ilipokuwa tayari. Kwa hesabu hiyo, ile miaka sita inanionyesha kwamba waliokwenda Roma walikuwa wachache mno wa upande wetu.

Tulinganishe na Munich. Huko zilisomwa takwimu za sindano ya kinga ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka: kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ukumbi ulisimama na kushangilia. Lakini katika kongamano hilohilo mtafiti Andrew Hill wa Chuo Kikuu cha Liverpool alileta hesabu kwamba sindano hiyo ingeweza kutengenezwa na kuuzwa kwa takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka ikinunuliwa kwa wingi, na wanaharakati wakaandamana mle ndani wakitaka Gilead, kampuni inayoimiliki, iwaruhusu wengine kuitengeneza. Oktoba mwaka huo Gilead ilitoa leseni kwa viwanda sita kuzihudumia nchi 120. Marekani ilipoiidhinisha Juni 2025, bei ya huko ilikuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mtu kwa mwaka. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba ya viwanda vingine itapatikana kwa dola 40 kuanzia 2027. Siwezi kuapa kwamba kelele za Munich ndizo zilizoleta leseni. Ila najua ile dola 40 ilikuwa hesabu ya mtafiti kabla haijawa bei, na waliokuwa wakiipigia kelele hawakuwa wamekwenda kutembea.

Wapo wanaoshauri kwamba kila mtu afuatilie kwa intaneti, kama ilivyokuwa 2020 wakati wa Corona. Kwa hotuba, sawa kabisa, na afisa anayekwenda kusikiliza tu abaki ofisini awashe kompyuta. Kwa mama mshauri haitoshi. Kumkabili mkuu wa kampuni ya dawa na kumwambia kwamba watoto wa kwetu wanatapika shurubati fulani ya dawa hakufanyiki kwa kuandika swali kwenye kisanduku ambacho mwenyekiti wa kikao anaweza kukipuuza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti huyu anataka kuonekana uso.

Jambo ambalo mjadala wetu umelikwepa ni visa. Anayesafiri bila shida ni yuleyule tunayemlalamikia: ana pasipoti ya kazi, barua ya wizara na mtu wa kumfuatilia. Mama mshauri anaambiwa alete taarifa ya benki ya miezi kadhaa, hati ya kulipwa mshahara, barua ya mwajiri, ushahidi wa mali itakayomfanya arudi. Yeye hulipwa posho ndogo kupitia M-Pesa, anapanga chumba kimoja. Mwaka 2022, kongamano liliporudi Montreal, mamia ya wajumbe, wengi wakiwa Waafrika, walinyimwa visa au hawakujibiwa hadi mkutano ukaisha. Hata Winnie Byanyima, wakati huo mkuu wa UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, alisema nusura azuiwe kupanda ndege Geneva. Kisu cha balozi na kisu cha hasira zetu vinakata shingo ileile.

Hapa ndipo ninapokubaliana na wabanaji wa matumizi, kwa sababu zangu. Julai 2025 kongamano dada, lile la sayansi ya VVU, lilifanyika Kigali, na hapo ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba linapendekeza lenacapavir. Mkenya huingia Rwanda kwa kitambulisho. Anaweza kupanda basi mjini Nairobi, akapitia Uganda, akafika siku ya pili bila kumwonyesha mtu taarifa ya benki. Mikutano ya namna hiyo, na ile ya ICASA, kongamano la UKIMWI la bara letu, ambayo Nairobi iliipokea mwaka 2003, ndiyo serikali ingeipigania ije kwetu au kwa jirani. Wizara ipeleke wachache wenye kikao cha kuongoza au mkataba wa kujadili, orodha yao itangazwe kabla ya safari, na kila mmoja akirudi aeleze katika kliniki ya kaunti yake, kwa Kiswahili, alichosikia na kinachotarajiwa lini.

Lakini si kila mwaka mkutano utakuwa Kigali. Bado kutakuwa na miji ya mbali yenye balozi ngumu, na washauri walioachishwa kazi 2025 wamepoteza pia ile barua ya mwajiri na ile hati ya mshahara ambavyo visa huombewa. Baadhi yao wanaendelea kuwatembelea wagonjwa mitaani bila malipo. Waandaaji wakiwapa ufadhili kamili wa tiketi, chakula na malazi, bado mtu wa dirishani atauliza: unafanya kazi wapi?