Damu au mate? Sampuli za kupimia telomia kwa wazee

Telomia ni ncha za kromosomu: herufi TTAGGG zinazojirudia maelfu ya mara na kufupika kadiri seli zinavyogawanyika. Kwa mtu mzima, chembe nyeupe za damu hupoteza wastani wa jozi 20 hadi 40 za herufi kwa mwaka. Takwimu hiyo ndogo ndiyo inayoamua ubishi wa sampuli: damu au mate.

Kipimo kinachotumika zaidi ni qPCR (PCR inayokadiria wingi wa DNA wakati inanakiliwa), mbinu aliyoichapisha Richard Cawthon mwaka 2002. Kinalinganisha wingi wa telomia na jeni moja ya rejea, yaani ambayo idadi yake kwenye kila seli haibadiliki, na nanogramu 20 za DNA zinakitosha. Tatizo ni kwamba marudio ya sampuli ileile hutofautiana kwa asilimia 5 hivi, pengine zaidi. Kwa telomia yenye jozi 6,000, asilimia 5 ni jozi 300, sawa na uzee wa miaka 10 hivi. Southern blot, inayopima urefu wa vipande vya telomia kwenye jeli, ina uhakika zaidi, ila inadai mikrogramu kadhaa za DNA isiyokatikakatika.

Wanaotetea mate wana hoja nzito. Hakuna sindano wala barafu. Mate yakichanganywa na dawa ya kuhifadhi hukaa kwenye joto la kawaida bila kuharibika. Na pale ambapo uvumi wa mumiani haujafa, bomba la sindano linaweza kuwafungia watafiti kijiji kizima.

Lakini utafiti wa uzee unahusu wazee, na hapo ndipo mate yanapogoma. Maelekezo ni mililita 2, bila kuhesabu povu, na mtu asiwe amekula, kunywa, kuvuta sigara wala kuweka ugoro kwa nusu saa. Mzee anayetumia dawa za presha mara nyingi ana kinywa kikavu. Atakaa na kichupa robo saa na bado hajafika kwenye mstari. Msaidizi mwenye haraka atapokea povu, na dawa ya kuhifadhi itazidi mate. Isitoshe, mate ni mchanganyiko wa chembe nyeupe, seli za ngozi ya kinywa na bakteria. Fizi zikiwa na uvimbe, chembe nyeupe huongezeka, na uwiano wa seli unabadilika bila uzee kuhusika. DNA ya bakteria nayo inapandisha kipimo cha jumla: unadhani umeweka nanogramu 20 za binadamu kumbe ni 12. Kwenye qPCR jeni ya rejea hufidia sehemu ya kosa hilo. Kwenye Southern blot jeni hiyo haipo.

Damu nayo ina mitego yake. Chupa iwe ya EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, yenye kizibo cha zambarau; heparini, dawa nyingine ya kazi hiyo, huzuia PCR. Mililita 4 zinatosha, ila chupa ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo. Ukiiacha wima, damu inaganda na chembe nyeupe zinanaswa kwenye donge. Usichukue damu ya mtu mwenye homa: maambukizi hubadilisha uwiano wa chembe nyeupe, na aina hizo hazina telomia za urefu mmoja. Ndiyo maana picha kamili ya damu, yaani hesabu ya aina za chembe zake, ya siku hiyohiyo si anasa. Flow-FISH, inayotenganisha aina hizo, inataka seli nzima, kwa hiyo chupa ya damu ikishagandishwa kwenye friza, mlango huo umefungwa.

Matone ya damu kwenye karatasi yanaonekana kuwa njia ya kati. Kwa qPCR yanafaa, kwa Southern blot DNA haitoshi. Pwani, unyevu ndio adui: karatasi ikauke kivulini saa 4 au zaidi kabla ya kufungwa na vifuko vya kunyonya unyevu, la sivyo inaota ukungu.

Kwa maoni yetu, utafiti wa mara moja wenye maelfu ya watu unaweza kwenda na mate. Kumfuatilia mtu yuleyule miaka mitano, ambapo mabadiliko yanayotafutwa hayazidi jozi 200 hivi, kunahitaji damu: sampuli ya mwanzo na ya mwisho zitolewe DNA kwa kiti (seti ya vifaa na dawa za maabara) ya aina moja, zipimwe kwenye sahani moja ya mashine. Kubadilisha kiti katikati ni kosa baya kuliko kuchagua mate, kwa sababu tofauti ya uchimbaji wa DNA itasomeka kama uzee.

Anayelazimika kuvuka kutoka damu kwenda mate achukue vyote viwili kwa kundi dogo, siku moja, aone jinsi vipimo vinavyoachana. Asichanganye tu namba kwenye jedwali moja.